Kisu cha Msafiri

Hapa Babati, mtu kuwa na kisu si jambo la kuulizwa. Mfugaji wa Kibarabaigi huchunia ngozi, na mkulima hukatia kamba za magunia ya mahindi. Ndugu zetu wa Visiwani nao wanajua kuwa mvuvi haendi baharini bila kisu. Kwa hiyo wengi wetu, tunapopata kazi ng'ambo, hutia kisu cha kukunja mfukoni bila kufikiri, kama tunavyotia leso.

Kosa huanzia hapo. Sheria za ugenini hazitazami kwanza moyo wa mwenye kisu. Hutazama urefu wa makali, namna kisu kinavyofunguka na mahali kilipokutwa.

Tuchukue mfano wa Uingereza. Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kutembea hadharani na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Lakini mwaka 1993 mahakama ya huko iliamua kwamba kisu kinachojikaza kikishafunguliwa hakihesabiwi kuwa cha kukunja, hata kikiwa kifupi. Akutwaye na kisu kilichokatazwa bila sababu njema aweza kufungwa hadi miaka 4. Kazi, dini na vazi la taifa ni sababu zinazokubaliwa, ila yapasa mshtakiwa mwenyewe azithibitishe. Fundi aliye kazini ana la kujibu; fundi huyo huyo akiwa kilabuni usiku hana.

Ndani ya ndege mambo ni mengine tena. Kisu cha sentimita 7, kilicho halali katika barabara za London, hakipiti katika mzigo wa mkononi, kwa kuwa kanuni za viwanja vya ndege vya Ulaya zinakataza makali yanayozidi sentimita 6. Mahali pake ni katika sanduku linalokabidhiwa.

Wala mila haitoshi kuwa kinga. Huko Oman jambia ni vazi la heshima, na limo hata katika bendera ya taifa. Hata hivyo heshima hiyo haivuki mpaka pamoja na mvaaji, kama isivyovuka heshima ya sime ya mfugaji wetu.

Tunawaomba wakuu wa idara za kazi, Bara na Visiwani, wamweleze kila aendaye kazini ng'ambo sheria ya visu ya nchi aendako, kabla hajapanda ndege. Karatasi moja ya Kiswahili yatosha. Msafiri naye asione haya kuuliza ubalozi, na akibaki na shaka akiache kisu chake nyumbani. Kisu hununuliwa tena sokoni. Kazi iliyopotea kwa sababu ya kifungo hainunuliki.