Amani nayo husomewa

Mwaka 2003 kina mama wa Liberia, Waislamu kwa Wakristo, waliketi juani pamoja wakiwa wamevaa nguo nyeupe, wakidai vita vya miaka 14 vikome. Vilikoma mwaka huo huo. Kiongozi wao, Leymah Gbowee, hakujiona amehitimu. Alirudi darasani, na mwaka 2007 akapata shahada ya uzamili katika utatuzi wa migogoro kwenye Chuo Kikuu cha Eastern Mennonite, Marekani. Mwaka 2011 akatunukiwa Nobeli ya Amani.

Madarasa ya namna hiyo huwakutanisha walimu, wanasheria na viongozi wa dini. Ndugu msomaji, watoto wetu twawasomesha udaktari na uhandisi. Nani tunamsomesha kusuluhisha, ilhali Suratul Hujurat imetuamrisha kupatanisha ndugu waliogombana?