Kinga ya Mwili Inapozaa Sonona

Kwa miaka mingi, wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walitibiwa kwa sindano za interferoni, dawa inayochochea kinga ya mwili. Iliwasaidia wengi kushinda virusi. Lakini baadhi yao, watu wasiowahi kuugua akili, walianza kukosa usingizi, kulia ovyo na hata kutamani kufa.

Je, ni hofu ya ugonjwa tu? Jaribio lililochapishwa mwaka 2001 nchini Marekani lilidokeza kwamba sivyo. Wagonjwa 40 wa melanoma, saratani ya ngozi, walichomwa interferoni. Katika kundi lililopewa vidonge bandia, visivyo na dawa, asilimia 45 walipata sonona. Waliotangulizwa paroksetini, dawa ya sonona, walikuwa asilimia 11.

Chanzo ni saitokini, kemikali ambazo seli za kinga hutoa panapotokea mchochota, yaani mwitikio wa mwili kwa jeraha au vimelea. Ujumbe wake hufika ubongoni. Huko triptofani, malighafi ya serotonini, huelekezwa njia nyingine, na dopamini inayompa mtu hamu ya mambo hupungua. Kila aliyeugua malaria anaijua hali hiyo: chakula hakipiti, mazungumzo yanachosha, kitanda ndicho kinachotakiwa. Malaria ikipona, hamu hurudi. Mchochota usiokoma hauruhusu hilo.

Pombe nayo huwasha mchochota. Ikinywewa kwa wingi hulegeza ukuta wa utumbo, mabaki ya bakteria yakapenya kwenye damu. Watafiti wa Ubelgiji walibaini mwaka 2014 kwamba waraibu ambao utumbo wao ulivuja bado walikuwa na sonona, wasiwasi na kiu kali ya pombe wiki tatu baada ya kuiacha.

Basi, dawa za kutuliza mchochota zitibu sonona? Mwaka 2013, watafiti wa Atlanta waliwapa infliksimabu, mojawapo ya dawa hizo, wagonjwa ambao dawa za kawaida za sonona hazikuwasaidia. Kwa jumla haikuzidi dawa bandia. Dalili za nafuu zilionekana kwa wale tu ambao damu yao ilionyesha kiwango kikubwa cha mchochota.

Kwa hiyo kumeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na mchochota, ili kuondoa huzuni ni kujitafutia vidonda vya tumbo. Na ndugu anayerudia pombe baada ya wiki chache asisimangwe kwamba hana nia. Apelekwe hospitali, atibiwe uraibu na sonona kwa pamoja.