Nani anaanza kufikiri, wewe au mashine?

Madaktari 19 waliofanyiwa utafiti nchini Poland hawakuwa wageni wa kazi. Kila mmoja wao alikuwa ameshafanya vipimo vya kolonoskopi zaidi ya 2,000. Katika kipimo hiki, kamera nyembamba hupitishwa kwenye utumbo mpana kutafuta vivimbe ambavyo vikiachwa vinaweza kuzaa saratani. Mwishoni mwa 2021 vituo vyao vinne vikaanza kutumia akili mnemba: kompyuta hutazama picha pamoja na daktari, na ikiona kitu cha kutilia shaka hukiwekea alama kwenye skrini.

Watafiti walitaka kujua jambo ambalo wengi hatulifikirii. Inakuwaje daktari yuleyule akirudi kufanya kipimo bila kompyuta kumsaidia? Majibu yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la The Lancet Gastroenterology & Hepatology. Kabla ya teknolojia hiyo kuingia, vivimbe hivyo vilipatikana kwa asilimia 28.4 ya wagonjwa. Katika miezi mitatu baada ya kuingia, kwenye vipimo vilivyofanywa bila msaada wake, kiwango kilikuwa asilimia 22.4. Macho ni yaleyale, uzoefu ni uleule, lakini vivimbe vinavyopatikana vimepungua.

Utafiti huo hauthibitishi kwamba kompyuta ndiyo chanzo. Ulilinganisha vipindi viwili tu, na mambo mengine kazini huenda yalibadilika. Hata hivyo matokeo yake yanaendana na onyo lililotolewa zamani. Mwaka 1983 mtafiti wa saikolojia Lisanne Bainbridge aliandika kuhusu mitambo inayojiendesha viwandani na kwenye ndege. Alieleza kwamba kadiri mtambo unavyofanya kazi nyingi zaidi, binadamu huachiwa zile dakika ngumu mtambo unaposhindwa, ilhali mazoezi ya kila siku ambayo yangemwezesha kuzikabili yameshaondolewa mikononi mwake. Anayejua kwamba atashtuliwa huacha kutafuta, akabaki kungoja. Sioni uvivu hapo. Ubongo wetu hubana matumizi ya nguvu, na kazi inayofanywa na mwingine huiachia.

Tatizo ni pale kazi inayoachwa ni ile ya kupima: je, hili ni kweli, na nimejuaje? Huo ndio moyo wa kile walimu wanachokiita fikra tunduizi. Mwaka 2025 watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwahoji watu 319 wanaotumia akili mnemba katika kazi zao. Wale walioiamini sana mashine walisema walitumia bidii ndogo zaidi kuchunguza majibu yake. Waliojiamini wenyewe katika kazi husika waliyachunguza zaidi. Haya ni maelezo ya watu kuhusu nafsi zao, hayajapimwa maabara, ila yanaonyesha ni nani aliye hatarini: yule ambaye bado hajalijua jambo vizuri, yaani mwanafunzi.

Kwa sababu hiyo jaribio lililofanywa Uturuki linanigusa kuliko mengine yote. Karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari waligawanywa makundi matatu wakati wa mazoezi ya hisabati. Kundi la kwanza lilibaki na vitabu na daftari. La pili lilipewa programu ya akili mnemba ya kawaida, inayojibu lolote inaloulizwa. La tatu lilipewa programu hiyohiyo, lakini walimu walikuwa wameielekeza itoe vidokezo badala ya jibu.

Kwenye mazoezi, kundi la pili lilifanya vizuri kuliko la vitabu kwa asilimia 48, na la tatu kwa asilimia 127. Mzazi angefurahi akaishia hapo. Kisha ukaja mtihani bila programu yoyote, na kundi la pili likapata matokeo ya chini kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la vidokezo halikudhurika. Wengi wa kundi la pili walikuwa wakiomba jibu tu, na wao wenyewe hawakuhisi kwamba wamejifunza kidogo. Hilo ndilo linalonitisha. Mtoto aliyepungukiwa bila kujua hana sababu ya kutafuta msaada.

Lakini nakataa kuitupia teknolojia lawama zote. Mwaka 2011, simu janja zikiwa bado za wachache, maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Dawa hiyo moja ya mizizi ilisemwa kuponya Ukimwi, kisukari, saratani na mengine mengi. Wasomi na viongozi walikunywa pamoja na wakulima. Redio, magazeti na masimulizi ya jirani yalitosha kuwafikisha huko. Ni wachache waliouliza: nani anawahesabu wale ambao hawakupona? Wangapi wangepata nafuu hata bila kikombe? Intaneti imeongeza kasi ya madai kama hayo, lakini pengo lililoyapokea lilikuwapo tangu zamani, kwa kuwa maswali hayo hatukufundishwa shuleni.

Na yanafundishika. Nchini Uganda watafiti waliingia shule za msingi 120 zenye wanafunzi wa darasa la tano zaidi ya 10,000. Nusu ya shule zilipewa kitabu cha hadithi za katuni kinachomwelekeza mtoto kupima madai kuhusu tiba: kwamba simulizi ya mtu mmoja aliyepona si ushahidi, kwamba kitu kuwa cha asili au cha miaka mingi hakukifanyi kuwa salama, kwamba tiba lazima ilinganishwe na kitu kingine. Matokeo yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2017. Mwishoni mwa muhula asilimia 69 ya watoto waliofundishwa walifaulu jaribio, dhidi ya asilimia 27 ya wenzao.

Baadaye masomo ya namna hiyo yakapelekwa sekondari za Kenya, Uganda na Rwanda, safari hii yakiwa kwenye tovuti. Mwalimu huyafungua kwa simu yake na kuandika ubaoni, au kutumia projekta penye umeme. Katika nchi zote tatu waliofundishwa waliwashinda wasiofundishwa.

Tanzania haikuwa kwenye majaribio hayo. Mtaala wake mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, na masomo hayo ya kupima madai ni kumi tu, ya dakika 40 kila moja. Wanaosimamia mtaala wayachukue, wayatafsiri kwa Kiswahili na kuyapeleka darasani, kabla programu zinazojibu kila kitu hazijamfikia kila mwanafunzi mwenye simu.