Pombe Haimwagwi Kwenye Kinyongo

Likizo ndefu iliyopita nilifika nyumbani Zagayu nikakuta pombe ya mtama imeshaiva, wageni wameanza kuingia, lakini tambiko limekwama. Baba na baba mkubwa walikuwa hawasalimiani tangu harusi ya dada yangu. Ugomvi wenyewe ni ng'ombe wawili wa mahari. Babu alishasema neno lake: watu wenye kinyongo hawatambiki.

Wengi wetu hapa chuoni tukisikia kutambika, tunamwona mzee anamwaga pombe nzuri mchangani, tunacheka. Mimi nilikuwa mmojawapo. Kumbe ile pombe ya chini ndiyo sehemu fupi kuliko zote.

Kwa Wasukuma, wafu wa ukoo, yaani masamva, hawajaondoka. Si miungu, Mungu ni mmoja, Liwelelo. Hawa ni wazee wa nyumba, bado wana kauli juu ya uzazi, mifugo na afya ya walio hai. Na kama wazee wowote, ugomvi wa watoto wao unawaudhi. Ukiwamwagia pombe huku moyoni umemnunia ndugu yako, unawatukana. Kwa hiyo kabla ya kibuyu kuinuliwa lazima yasemwe yote.

Basi babu aliwakalisha wanawe wawili kwenye vigoda tangu jioni. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka, hata mama, Mkristo wa kila Jumapili, alibaki pale akichochea moto. Majogoo ya kwanza yalipowika baba mkubwa akakiri: mtamba mmoja aliuza bila kumwambia mtu. Atalipa. Baba naye akaomba radhi kwa maneno aliyoyasema mbele ya wakwe. Jua lilipochomoza kila mmoja alichukua funda la maji, akalitema kuelekea mashariki, na kinyongo kikatoka nalo.

Baada ya hapo ndipo babu akanyunyiza unga wa mtama uliokorogwa na maji, akamimina pombe, huku akiita majina. Kila jina, tone. Ghafla akanigeukia: "Rudia."

Nilikwama jina la tatu. Mimi ninayekariri vifungu vya sheria usiku kucha kabla ya mtihani! Wadogo zangu, ambao hawajafika hata sekondari, waliyataja yote.

Zamani watemi walitambika kwa ajili ya nchi nzima, hasa mvua ikichelewa. Serikali ilifuta utemi mwaka 1963, lakini tambiko la nyumbani halikuhitaji ofisi. Hata ng'ambo lipo: Wamarekani weusi wanaosherehekea Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, humimina kinywaji kuwakumbuka wahenga kwa kikombe wanachokiita kwa Kiswahili, kikombe cha umoja, na tendo lenyewe wanaliita tambiko. Wagiriki wa kale nao waliita kumimina divai na mkataba wa amani kwa neno lile lile, spondai. Sikushangaa niliposoma hilo. Nilishaona.

Kata ilipoanza kuzunguka, baba mkubwa alikunywa, akafuta mdomo, akampa baba. Mtamba aliletwa wiki iliyofuata. Majina nimeyaandika nyuma ya daftari langu la Sheria ya Ardhi. Nimefika la sita, na babu amesema likizo ijayo ataniuliza tena.