Rika Limetutangulia, Nasi Tuko Mkarafuuni

Siku mbili tatu kabla ya Sikukuu, bandari ya Mkoani hujaa watu. Boti za kutoka Unguja huteremsha wana wa Pemba waliotawanyika: wa maduka ya Kariakoo, wa mahoteli ya Nungwi na Kiwengwa, wa maofisini, na mmoja mmoja aliyetoka Maskati. Wateremka na masanduku yao, na watoto waliovaa viatu vya kung'aa. Sisi wakulima wa karafuu twawapokea kwa furaha ya kweli, kwani ni ndugu zetu, na wengine tulisoma nao chuo kimoja. Lakini usiku, mgeni akisha kulala, wako wengi miongoni mwetu wasiopata usingizi. Wanahesabu. Fulani nilikuwa naye darasa moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwonyesha hesabu. Leo ana nyumba ya ghorofa na mtoto wake yuko chuo kikuu, nami bado nangoja kuona mikarafuu itatoaje mwaka huu.

Jambo hili halisemwi barazani. Mtu atasema mgongo wauma, atasema khabari ya bei, atasema jinsi majimoto walivyomshambulia juu ya mti. Lakini kusema, "Naona haya mbele ya rika langu," ni kazi nzito. Twaona yafaa tulizungumze hapa. Hatutaki kuwapa wanachama maneno ya kuwatuliza tu. Haya hii huingia mpaka shambani, na huko hufanya khasara ya pesa khasa.

Khasara kubwa kuliko zote ni kuuza karafuu zingali juu ya mti. Mtu aona mwenzake ameezeka bati jipya, au harusi ya binti inakaribia naye hataki iwe ndogo kuliko ya jirani, na msimu haujafika. Basi huenda kwa mwenye pesa, wakatazama mikarafuu pamoja, na bei ikakatwa pale pale chini ya mti kwa karafuu ambazo bado ni kijani. Mwenye pesa si mjinga. Atakadiria chini, kisha atajikinga na mvua, na wizi, na zao kupungua, na kinga zote hizo hulipwa na mkulima. Vuno likifika, mwenye shamba husimama kando akitazama wachumaji wa mtu mwingine wakipanda miti yake. Na kwa kuwa wana haraka, wala miti si yao, matawi huvunjwa. Tawi lililovunjwa msimu huu ndilo ambalo lingezaa msimu mwingine. Kwa hiyo deni la harusi moja huweza kula zao la misimu miwili au mitatu.

Wala si jambo geni visiwani. Katika miaka ya 1930 mashamba mengi ya mikarafuu yalikuwa yamefungwa kwa madeni, hata serikali ya wakati ule ikatunga sheria mwaka 1934 ya kuzuia mashamba yasiwatoke wenyewe ovyo, na nyingine mwaka 1938 ya kusuluhisha madeni. Bei ilikuwa imeanguka na riba ilikuwa kali. Hatusemi kwamba babu zetu waliangushwa na fahari peke yake. Twasema tu kwamba mlango ule ule wa kukopa kwa vuno lisilokuja bado uko wazi, na haya ni moja katika mikono inayousukuma.

Ziko khasara nyingine ndogo zaidi. Kuna anayechuma changa ili apate pesa mapema, na kuna anayeanua kabla karafuu hazijakauka sawasawa, zikafanya ukungu na kushushwa daraja. Yuko pia anayeacha kuja mikutanoni, kwa kuwa mwenyekiti wa siku hiyo ni kijana aliyekuwa nyuma yake shuleni. Huyu wa mwisho twamsikitikia zaidi, kwani hukosa khabari ambazo ndizo zingemfaa.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe, maana wengi wetu twajipima kwa pishi isiyo sawa. Mwenye mshahara hulipwa kila mwezi, na Januari yake ni sawa na Juni yake. Mkarafuu hauna tabia hiyo. Huzaa sana mwaka mmoja, kisha hupumzika, na zao kubwa huja tena baada ya miaka kadhaa. Basi mwanachama akijilinganisha na karani katika mwaka wa mapumziko atajiona maskini kuliko alivyo. Na akijilinganisha katika mwaka wa neema atajiona tajiri kuliko alivyo, na hapo ndipo pikipiki hununuliwa.

Tuchukue mfano. Ni wa kubuni, lakini hauko mbali na mashamba yetu. Mtu ana mikarafuu 60 inayozaa. Msimu wa kwanza apata kilo 260 kavu, wa pili 40, wa tatu 90, wa nne 50. Jumla ni kilo 440, yaani kilo 110 kwa mwaka. Hizo 110 ndizo mshahara wake, si zile 260 wala zile 40. Katika hizo atoe ujira wa wachumaji na wachambuaji, palizi ya chini ya miti, majamvi na gari la kupelekea kituoni. Kinachobaki akigawe kwa 12. Kisha, kwa upande wa pili, aandike kwa bei ya sokoni muhogo anaokula, ndizi, nazi, na nyumba asiyoilipia kodi, kwani mwenzake wa mjini avinunua vyote hivyo, hata kuni. Hapo ndipo aweza kukaa naye na kulinganisha kitu kwa kitu.

Mwaka 1954 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kwamba mtu akikosa kipimo cha hakika cha kujipimia, hujipima kwa watu, tena kwa watu walio karibu naye kwa hali, si walio mbali. Kwetu hilo si la ajabu. Hapana mkulima wa Konde anayekosa usingizi kwa sababu ya matajiri wa Dubai. Kinachomuuma ni bati la aliyekaa naye dawati moja. Lakini yafaa kushika ile sehemu ya kwanza ya maneno yake: akikosa kipimo cha hakika. Mwenye daftari lake hana haja kubwa ya kutazama paa la jirani. Na siku hizi paa hilo halionekani mara mbili kwa mwaka kama zamani. Limo simuni kila jioni, pamoja na meza ya chakula na gari. Mwenye simu hapigi picha siku mshahara wake uliyochelewa.

Hatusemi kwamba baada ya hesabu hii kila mkulima atajikuta sawa na rika lake. Wengine watajikuta nyuma kweli, tena mbali. Ni afadhali kuujua umbali huo kwa tarakimu kuliko kuukadiria kwa viatu vya watoto wa mgeni. Lakini ukisha kujua uko nyuma, swali lafuata: umebakishwa nyuma na nini? Wengi hujijibu upesi kwamba ni uvivu wao au ujinga wao, na jibu hilo mara nyingi si kweli.

Tazama mambo yalivyokwenda. Mwaka 1968 ununuzi wa karafuu zetu uliwekwa mikononi mwa shirika la serikali, na mkulima akapokea bei iliyopangwa. Kwa muda mrefu mnunuzi mkubwa wa karafuu duniani alikuwa Indonesia, anayezitia katika sigara zake. Kisha Waindonesia wakapanda mikarafuu mingi ya kwao, na katika miaka ya 1980 soko likaanguka vibaya. Mtu ambaye miti yake ilianza kuzaa vizuri wakati huo alifanya kazi ile ile aliyoifanya baba yake, akapata sehemu ndogo ya alichokipata baba yake. Mwaka 2011 bei ya mkulima ikapandishwa sana. Na aliyekuwa amerithi shamba mwaka uliotangulia akaonekana hodari. Hapana kati yao aliyeipanga bei.

Na visiwa vyenyewe vimepata kupishana. Kabla ya mwaka 1872 Unguja ndiyo iliyokuwa ikitajwa kwa mikarafuu. Mwezi wa Aprili mwaka huo kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya miti ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo sehemu kubwa ya zao ni yetu. Wapemba wa siku zile hawakuwa wamezidi maarifa katika usiku mmoja. Upepo haukupita kwao, basi. Lakini waliendelea kupanda baada ya hapo, na hilo lilikuwa lao wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hulisahau. Jamvini, wakati wa kuchambua, mama zetu na wake zetu hukaa saa nyingi wakitenga karafuu na makonyo, na mazungumzo ya hapo ni binti wa nani amekuwa muuguzi, na nani ametumiwa pesa na mwanawe. Mume hurudi na haya yake kutoka barazani, mke ana ya kwake kutoka jamvini, wala hawaambiani. Kisha mmoja akopa kwa siri kumfurahisha mwenzake ambaye hakuomba. Tumeyaona haya katika nyumba zaidi ya moja. Daftari la shamba na lisomwe na wote wawili, taa ikiwaka.

Na mgeni wa Sikukuu tumfanyeje? Kwanza asipikiwe kwa mkopo. Apewe kilichopo, mtu aliyekula chakula cha hoteli mwaka mzima hakuja Pemba kutafuta biriani. Pili, aulizwe. Twaogopa kumwuliza kwa kudhani tutaonekana wenye kijicho, naye aogopa kusema kwa kudhani ataonekana mwenye kulalamika. Lakini mkikaa wawili mazungumzo hugeuka.

"Naona mambo yamekunyookea, sheikh."

"Alhamdulillahi. Lakini ile nyumba, ndugu yangu, nailipia benki, na miaka saba imebaki. Nyie huku mna miti."

"Miti tunayo, bei hatuna."

"Basi tuambizane ukweli."

Maneno ya namna hii hayaongezi kilo hata moja, lakini humwezesha mtu kumwuliza rafiki yake la maana: je, aweza kumchukua kijana wangu akajifunze kazi dukani kwake kati ya misimu? Je, ajua mnunuzi wa pilipili manga au mdalasini? Wengi wa waliotangulia wapenda kuulizwa, ila hutushinda kuwauliza kwa kuwa tumekwisha kukasirika kimya kimya. Na kama mwanachama ameona heri ahame, na ahame. Kuhama si kosa. Asiuze shamba tu kabla hajajua atalala wapi.

Kwa aliyebaki, kazi iko palepale. Mkarafuu mchanga hutaka miaka sita hata minane kabla ya kuanza kuzaa, na mtu mwenye miaka 45 husema amechelewa. Apige hesabu: atafika miaka 53 akiwa na mche ule au akiwa na pengo lile. Baina ya miche migomba na muhogo hustawi, na huo ndio mshahara wa miaka ya kungoja.

Wanachama watakaotaka kusaidiwa kufanya hesabu ya misimu minne na waje kwa katibu na stakabadhi zao, hata zile zilizoguguniwa na panya. Waje na za makonyo vile vile. Makonyo nayo huuzwa, na karibu kila mtu huyasahau.