Mwanamke Aliyetoa Ziwa

Mpunga ukianza kubeba mimba, wanawake wa vijiji vya Thailand walikuwa na desturi ya kuupelekea shambani machungwa, ndizi, poda na kitana. Mwenye mimba hupenda vichachu, na hupenda kupambwa. Mpunga kwao ni mama mwenye jina, Mae Phosop, na anayemkosea adabu hulala njaa. Java na Bali mama huyo huitwa Dewi Sri. Huko masuke yalikatwa moja moja kwa kisu kidogo kinachofichika kiganjani, mama asije akaona chuma akashtuka.

Mtu wa Chienge au Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, akisikia habari hizi ana haki ya kuuliza: na chakula chetu sisi, mama yake nani? Chakula chenyewe ni ubwali, yaani ugali, wa unga wa muhogo, kwa samaki au kwa katapa, ambayo Mtanzania angeiita kisamvu. Muhogo huo haujapewa mama. Hakuna anayeupelekea machungwa.

Mtu anaweza kusema ni kwa sababu muhogo ni mgeni. Ni kweli, ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakaufikisha pwani ya Angola, ukapenya bara hadi kwa Walunda, nao wakauleta bonde la mto Luapula walipohamia kutoka magharibi katika karne ya 18. Msafara wa Kireno wa Lacerda ulipofika kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda hao, mwaka 1798, na ule wa Monteiro na Gamitto mwaka 1831, muhogo ulikuwa tayari ndio chakula cha watu. Lakini ugeni peke yake hautoshi kueleza. Naona sababu kubwa iko kwenye mmea wenyewe. Mpunga hukomaa wote kwa mkupuo. Ndege, panya au mafuriko ya majuma mawili yanatosha kuumaliza mwaka mzima. Muhogo hukaa ardhini mwaka, miwili, hata mitatu. Leo unang'oa wa leo, wa kesho unauacha ulale. Bronisław Malinowski aliyaona kama hayo huko Visiwa vya Trobriand: waliovua ndani ya wangwa tulivu hawakuhitaji uganga, waliotoka bahari kuu walikuwa nao tele. Watu huomba pale wanapoogopa.

Na Mweru hofu iko majini. Ziwa lina urefu wa kilomita 130 hivi. Luapula huingia kwa kusini kupitia vinamasi na mabwawa, na Luvua hutoka kwa kaskazini, Pweto, upande wa Kongo, karibu kabisa na Chienge. Samaki mmoja, mpumbu, alikuwa akipanda mto kutaga mayai wakati wa mvua, kwa makundi makubwa, kisha anatoweka. Aliyemkosa siku hizo alikuwa amemkosa mwaka. Kwa hiyo mabwawa yalikuwa na wenyewe, wazee wa ukoo uliotangulia kufika, na kabla ya nyavu kuingia majini mzee aliwaomba wahenga wake wawatoe samaki. Mvuvi alimpa sehemu ya alichopata. Mito nayo ina pepo wake, ngulu. Kwenye Kalungwishi, unaomwaga maji yake Mweru, wenyeji husimulia joka la Lumangwe lililojinyoosha kutoka maporomoko ya jina hilo hadi maporomoko ya Kabwelume.

Lakini jina la kike lililo kubwa kuliko yote katika maji haya ni la binadamu, Nachituti. Alikuwa dada yake Nkuba, mfalme wa Washila, wavuvi waliokuwa na ziwa kabla ya Walunda. Simulizi inasema Nkuba alimuua mwana wa Nachituti, akaichuna ngozi yake na kuifanya mkeka wa kukalia. Mama alipogundua kaka yake ameketi juu ya nini, hakulia nyumbani. Alikwenda kwa Mwata Kazembe, mgeni mwenye jeshi, akamwomba amlipizie kisasi. Walunda wakamuua Nkuba. Nachituti, kwa shukrani, akampa Kazembe kikapu cha udongo na kibuyu cha maji: nchi na ziwa, vyote viwili.

Msomaji anayefuata ukoo wa baba anaweza kuipita simulizi hii kama kisa cha mfalme katili tu. Kwa watu wa Luapula ina uchungu wa ziada. Hapo ukoo hufuata mama, na cheo cha mjomba huenda kwa mpwa. Kijana aliyechunwa ngozi alikuwa mwana wa dada, yaani mmoja wa wale ambao siku moja wangeweza kukalia kiti cha Nkuba. Mjomba aliukalia urithi wake mwenyewe. Na mwenye kuulilia urithi huo hakuwa mwingine ila dada, kwa maana ukoo unapita tumboni mwake. Ndiyo sababu mkono wake ulikuwa na haki ya kutoa kikapu kile. Dewi Sri hutoa mpunga kwa mwili wake. Nachituti alitoa ziwa kwa nafasi yake katika ukoo.

Tusiwe watoto wa kuamini kila tunachosimuliwa, hata hivyo. Simulizi ya zawadi ni pia hati ya umiliki, na hati hii imewafaa sana Walunda. Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, alihakikisha mapokeo ya ukoo wake yanaandikwa kwa Kibemba, na kitabu, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kikatoka mwaka 1951. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison alikitafsiri kwa Kiingereza miaka kumi baadaye. Kila Julai, kwenye sherehe ya Mutomboko huko Mwansabombwe, Mwata huenda mto Ng'ona kuwatupia chakula na kinywaji wahenga waliokufa maji, kisha hucheza ngoma ya ushindi mbele ya umati. Chienge kuna habari nyingine. Wabwile wana mfalme wao, Puta, sherehe yao na asili yao ya Kiluba, na ukiwaambia ziwa lote lilitolewa na dada wa Mshila kwa Mlunda usitegemee wakuitikie.

Ukoloni ulileta wanunuzi ambao hawakuhitaji baraka ya mzee yeyote. Migodi ya shaba ya Katanga, upande wa Kongo, ilitaka chakula, na wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga biashara ya samaki Kasenga, ng'ambo ya Luapula. Mpumbu walivuliwa wakielekea kutaga, wakiwa na mayai tumboni, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 makundi yao makubwa yalikuwa yamekwisha. Siku hizi serikali ya Zambia ndiyo inayofunga uvuvi, kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Amri hiyo haina hofu ndani yake, na ukiniuliza, hapo ndipo penye udhaifu: askari wa samaki huonekana kwa macho na hukwepeka, mhenga haonekani.

Samaki wa sasa ni chisense, dagaa wa Mweru, wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa. Alfajiri mitumbwi ikirudi, wanaongoja ufukoni ni wanawake. Ndio wanaonunua, ndio wanaoanika mchangani, ndio wanaofunga magunia na kupanda malori kwenda Ukanda wa Shaba wa Zambia na kuvuka hadi Lubumbashi. Wapo waliojenga nyumba za bati kwa chisense na kununua mitumbwi na nyavu wanazowapa wanaume wakavue kwa mgao. Chisense hakuwahi kuwa na mzee wa bwawa wala sadaka. Alikuwa samaki asiyethaminiwa, na labda ndiyo maana wanaume waliwaachia wanawake biashara yake.

Vikao vya kujadili ziwa bado hujaa wazee na wenye mitumbwi mikubwa. Mama anayemiliki nyavu tatu naye aitwe, akae mbele.