Seli Shina na Ubongo Uliojeruhiwa

Ubongo wa mwanadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Ngozi ikikwaruzwa, huota nyingine. Seli ya neva ikifa, ndiyo imekwenda hivyo. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, wataalamu wanakadiria kwamba seli kama milioni 1.9 hufa kila dakika. Si mchezo!

Ndiyo sababu mjomba aliposikia ati seli shina hutibu kupooza, alitaka kuuza shamba ili nyanya, aliyepatwa na kiharusi miaka minne iliyopita, apelekwe ng'ambo akadungwe. Nami ninayesoma bayolojia nikaambiwa nieleze.

Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi. Hujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Zimo, kwa mfano, katika uboho ulio ndani ya mifupa. Zamani ilidhaniwa kwamba zikidungwa zitageuka ziwe neva mpya. Panya wenye kiharusi walipodungwa katika maabara, kweli walipata nafuu. Lakini ubongo wao ulipochunguzwa, seli zilizogeuka neva zilikuwa haba mno. Sasa nani aliyewasaidia?

Ni yale majimaji ambayo seli shina hutoa. Yana protini zinazolisha neva. Protini ya kwanza ya jamii hiyo iligunduliwa miaka ya 1950 na Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, wakatuzwa Nobel mwaka wa 1986. Yana pia vifuko viitwavyo eksosomu, vidogo hata hadubini yetu ya shule haivioni, vinavyopeleka ujumbe kwa seli jirani: punguza uvimbe, usijiue. (Naam, seli hujiua!) Ni kama jirani anayemletea mgonjwa uji, hakuja kulala kitandani mwake.

Sasa, uji humfaa aliye hai. Kandokando ya jeraha huwa na seli zilizozimia tu, na hizo ndizo zinazoweza kuokolewa mapema. Zilizokufa miaka minne hazifufuki. Majaribio kwa watu yanaendelea, lakini wapo wanaouza sindano hizo kwa pesa nyingi bila ushahidi.

"Kwa hivyo tukae tu?" mjomba akauliza. La. Nyanya ana mazoezi ya viungo na dawa za shinikizo la damu, zisikosekane hata siku moja. Na mtu yeyote akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, ni hospitali saa hiyo hiyo, si kesho. Shamba halijauzwa, ingawa mjomba bado ananuna.